Aliye Ukutani Si Babu Yenu

Sogezeni viti wanangu, mkae upande huu wa dirisha ambako sikio langu bado linafanya kazi, na wewe Kitinda zima hiyo simu, maana nitakayoyasema leo sitakuwa na pumzi ya kuyarudia. Mmekuja mmenuniana. Nimezisikia hatua zenu kwenye ngazi, mmoja mbele mmoja nyuma kama watu wasiofahamiana, na sababu naijua, ni ile picha ya sebuleni. Mkubwa anasema ni yake kwa kuwa ndiye wa kwanza kuzaliwa, na Kitinda anasema ni yake kwa kuwa ndiye aliyeifuta vumbi miaka yote ambayo kaka yake alikuwa anapanda nguzo za umeme za watu. Nitawaamulia. Lakini kwanza nimalize madogo.

Nyumba hii msiiuze, wala msiikate kwa ukuta. Juu akae Mkubwa na mkewe, chini akae Kitinda, na ua ni wa watoto. Cherehani yangu apewe mke wa Mkubwa, ambaye ameishonea nyumba hii mapazia na hakuna aliyemwambia asante, mimi nikiwemo, kwa hiyo asante mwanangu, najua umesimama hapo mlangoni. Kile kiti cha kijani mpelekeeni wifi yangu. Ndiyo, huyohuyo, acheni kutazamana. Alisema mbele ya watu kwamba mimi nimekosa kazi ya kufanya uzeeni, nazunguka nafukua wafu, nami nikamjibu kwamba wafu angalau hawasengenyi, na tangu siku hiyo hatusalimiani. Lakini kila akija hapa anakikalia kiti hicho na kukipapasa mikono, akidhani simwoni. Mpeni. Mwambieni nimesema akae vizuri.

Sasa hiyo kazi ya kufukua wafu. Maisha yangu yote nilikaa kwenye chumba cha simu pale hospitali kubwa. Mtu anapiga, anamtaka mgonjwa wa wodi fulani, mimi nawaunganisha kisha najitoa, na nyuma yangu wanalia au wanacheka bila mimi kujua mwisho wake. Nilipostaafu, wiki ya kwanza nililala, ya pili nikapanga makabati, na ya tatu baba yenu, Mungu amrehemu, akaniambia, "Mama watoto, tafuta cha kufanya kabla hujanipanga na mimi kabatini." Ndipo nikaanza kwenda kwa wazee wa ukoo wa mama yangu, kule mbali alikotoka, kuwauliza habari za waliotangulia. Nilidhani nitachoka baada ya mwezi. Wanangu, sijawahi kupata starehe kama ile. Unakaa na mtu mzima ambaye hajaulizwa kitu kwa miaka, unamuuliza swali moja dogo, kwanza anasema hakumbuki, anakoroga chai, anatazama mlango, halafu ghafla chumba kinajaa watu. Huko ndiko nilikokutana na bibi mzaa bibi yenu, aliyemkimbia mumewe akiwa na chungu kimoja kichwani. Mume akamfuata njia nzima, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya chungu, na bibi akamwachia kifuniko. Kitinda, siku ulipomrudishia yule mchumba wako soksi zake ukabaki na redio, nilicheka peke yangu jikoni, nawe ukadhani nakucheka.

Wa upande wa mama niliwapata wengi. Aliyenishinda ni mmoja tu, baba yangu mwenyewe, babu yenu. Alikuwa mwokaji mikate, na kiwanda kilipofungwa yeye na mwenzake wa tanuri moja wakaondoka pamoja kwenda kujenga barabara. Kabla ya safari walikwenda kwa mpiga picha, kila mmoja akapigwa yake, wakalipa, wakasema wake zao watazifuata. Homa ya kambini ikawachukua wote wawili. Mimi nilikuwa nanyonya, na kaka yangu alikuwa bado anabebwa. Mama akatuhamisha, akapanga chumba mtaa wa mbali ambako hakuna aliyemjua mumewe, na shida za kutulea zikamsahaulisha ile picha. Miaka ikapita, mpiga picha akatangaza anafunga duka, wenye picha zao wakazichukue. Macho ya mama yalikuwa yameshaingia ukungu, hakuweza tena kutofautisha sura na sahani. Akamtuma kaka. Kaka akasema kaunta, "Nimefuata picha ya mwokaji," akapewa mwokaji.

Mama akaishika, akapitisha viganja kwenye kioo, akasema, "Umekaa vizuri, baba watoto." Na kila asubuhi mpaka anakufa alikuwa akiisalimia.

Mnaona ninakokwenda. Mkubwa, usisimame. Kaa.

Mwanzoni mwa mwaka huu, miguu ikiwa bado inanibeba, niliitoa picha ukutani, nikaifunga kwenye kanga, nikaenda kuwatafuta watu wa kile kiwanda, nikitumaini yupo hata mmoja aliyemjua baba yangu. Kinyozi mmoja mzee akanielekeza kwa mkunga mstaafu, akasema baba yake naye aliokea palepale. Nikamkuta kibarazani kwake anachambua mchele, mtu mkubwa kwangu kidogo, mcheshi, tukaulizana afya kama watu wa siku nyingi. Nikafungua kanga nikamwambia, "Dada, huyu ni baba yangu, je, baba yako hakuwahi kumtaja?" Akavaa miwani. Punje zikaanza kumdondoka kwenye sinia, akaweka mkono mdomoni, akaiambia picha, si mimi, akaiambia picha, "Baba."

Yeye alikuwa ameshapata akili baba yake alipoondoka, na sura yake haikumtoka. Na alikuwepo dukani, mama yake amemshika mkono, siku chache baada ya kaka yangu kwenda. Mpiga picha akawatolea iliyobaki, mama yake akaisukuma akasema huyu si mume wangu. Wakaambiwa aliyekosea atairudisha. Hatukurudisha, maana hatukujua. Mama wa mkunga alikuwa akiulizia mpaka duka likageuzwa kuwa la viatu, na ile picha aliyoikataa, ya baba yangu, hakuna ajuaye ilitupwa wapi.

Nikakaa pale kama nimefiwa upya. Basi yule mkunga, badala ya kuilaza ile picha kifuani kwake na kunifukuza, akanishika goti. Akasema yeye ndiye mtu pekee aliye hai aliyemwona baba yangu kwenye ile karatasi, na hakumsahau kwa sababu alimchekesha. Alikuwa mtu mfupi, kofia ameibana kifuani, kamera imemkamata macho yamefumbwa kabisa, na masikio yamesimama huku na huku kama vishikio vya sufuria. Nikamwambia arudie hapo kwenye masikio.

Mkubwa, inua kichwa. Unakumbuka ulivyolia shule ukiitwa Sufuria, na mimi nikakuleta mbele ya picha ile nikakuambia mtazame babu yako, ana pua kama yako? Pua hiyo tuliilazimisha wote, mwanangu. Kila mtoto aliyezaliwa humu tulimpima pua. Kumbe babu yako ulikuwa naye kichwani, pande zote mbili, nasi tulikuwa tukikufunika kofia tukidhani tunakuficha.

Mkunga ameniambia na mengine, aliyoyasikia kwa mama yake. Kwamba baba yangu alipiga mluzi kazini ili wote wakande kwa mwendo mmoja, na akinyamaza mikate inaharibika. Kwamba aliogopa mbwa, akizunguka mtaa mzima kumkwepa mmoja mdogo asiye na meno. Nilifika pale nina sura isiyo na mtu, nikaondoka nina mtu asiye na sura, na niseme kweli, sikupungukiwa. Nilimpenda njia nzima.

Nilitaka kumwachia picha siku ileile. Akakataa. Akasema, "Watoto wako wamemzoea, usiwanyang'anye babu ghafla, kawaambie kwanza." Nikarudi, na wiki hiyohiyo nikaanguka bafuni, na tangu hapo nimekuwa wa kitanda hiki. Mkunga naye, kinyozi ameniletea habari, hatoki tena kibarazani. Ndiyo maana nimewaita leo, sikungoja Jumapili.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Picha si ya Mkubwa, na si ya Kitinda. Ni ya yule mkunga, binti wa aliyemo. Mtaipeleka pamoja, wote wawili, bila kumtuma mtu. Msiitie kwenye mfuko kama nyanya. Mmoja aibebe, mwingine amfungulie milango, na njiani mpokezane. Mkifika, msimkabidhi mkaondoka. Kaeni. Mkipewa chai, kunyweni. Kitinda, chukua redio yangu ya kaseti, hiyo nimekupa pamoja na kaseti zote na wazee wote waliomo, umrekodi akikuruhusu. Na kazi hii ni yako kuanzia leo, najua unaipenda, nimekuona ukisikiliza mlangoni. Usiwaulize watu walizaliwa mwaka gani, watakuambia hawajui na watanyong'onyea. Waulize walikuwa wakicheka nini. Waulize waliogopa nini. Na wakikuambia jambo la aibu, lipokee kama walivyolipokea wao, waliishi nalo.

Sauti inaniacha. Sogeeni. Mikono.

Mungu awape uzee wenye wageni. Awape watoto waulizaji, wasiochoka kusikia. Msinuniane kwa vitu. Mkinuniana... nunianeni mchana, jioni mle pamoja.

Sasa inukeni. Ndiyo, sasa hivi. Msikae hapa kunitazama ninavyohema. Mke wa Mkubwa atakaa nami. Yule mama naye yuko kitandani kama mimi, na mmoja wetu akitangulia kabla picha haijafika, nitakuwa nimemuunganisha mtu na mtu kisha laini ikakatika, na hilo sikulifanya hata siku moja kazini. Itoeni taratibu, msumari wake umelegea. Nataka kusikia mkishuka ngazi... pamoja, hatua moja.

Mkirudi mkanikuta, mtaniambia amesema nini.

Mkirudi mkanikosa, niambieni vilevile.