Sakafu ya Moto Nyumbani kwa Khalaf

Barazani kwa Khalaf, hapa Nizwa, nchi ya Waarabu, watu wamekunywa kahawa miaka kumi, lakini kukimbilia nje mwezi wa Januari kwa sababu ndani joto limewazidi, hilo lilikuwa jipya mwaka huu wa themanini na nne. Khalaf ni fundi wa mabomba, amesomea Bulgaria, na huko ndiko alikoona nyumba zinazopashwa moto kutoka sakafuni. Mama yake, Bibi Ghaniya, tangu watoke Unguja hajaizoea baridi ya huku. Kila ikifika, kifua kinambana. Dada yake Khalaf, Ghalia, alishatuma salamu kutoka Sur: mama akikohoa tena, namchukua. Ndipo Khalaf akaivunja sakafu ya majlisi, chumba cha wageni cha chini, akalaza mabomba ya shaba, akamwaga saruji juu, akayaunga na hita ya gesi iliyoko uani. Huko juu anakolala mama isingewezekana, sakafu ni ya magogo ya mtende, saruji ingeiangusha. Leo siku ya tatu moto unawaka, na leo alasiri mume wa Ghalia anakuja na gari kumchukua mama. Khalaf alikuwa akimimina kahawa, macho njiani.

— Nyumba hii itayeyuka, ya akhi, alisema Musallam, waliyemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kufunga vidonda hospitali. Ukuta wa udongo unataka ubaridi wake. Wewe unaupika.

— Haiyeyuki, alisema Khalaf. Nimepima.

— Umepima ukuta. Damu je? Mwanamme akikalia moto siku arubaini, khalas, hazai tena.

— Daktari, wewe una miaka sitini na tano, alisema Sleyum, mtu wa Tabora, waliyembandika jina la Redio kwa kuwa hazimiki. Unataka kuzaa nini?

Walicheka wote. Khalaf hakucheka. Alisikia gari, akainua shingo. Lilikuwa la mtu mwengine.

— Lakini boss, Redio akaendelea, mimi naogopa nge. Nge wote wa Nizwa wataletana humu. Na nyoka wa mji wa Bahla nao watapata habari.

— Nge si kitu, alisema Daktari. Falaj je? Mfereji wake umepita nyuma ya ukuta huu. Joto litashuka, litaingia majini, na alfajiri watu wa chini watatawadha kwa maji ya chai!

— Tutie na sukari kabisa! alidakia Redio.

— Basi nyinyi! Khalaf alipaaza sauti mpaka kikombe kikamtoka mkononi. Siku tatu mmelala humo ndani mmejinyoosha, hamkuona nge wala nyoka!

Redio akakiokota kikombe, akakifuta kwa kanzu.

— Usikasirike, bwana. Tunaisifu. Jana mimi vidole vya miguu vilitoka jasho, wallahi. Nimemwambia na shemegi yangu aje aone.

Khalaf roho ilimuuma. Kila siku alikuwa akijiambia, wageni wakiondoka tu nitamshusha mama. Wageni hawakuondoka. Walikuja siku ya kwanza baada ya alfajiri, wakala humo, wakasali humo, wakalala humo, na yeye hakuupata ulimi wa kumwambia mgeni toka. Na Bibi Ghaniya haingii majlisi ya wanaume.

Gari likasimama. Akashuka Nadhir, mume wa Ghalia, vumbi la Sur mpaka kwenye nyusi.

— Salaam alekum. Shemegi, hujambo? Mama yuko tayari?

— Alekum salaam. Nadhir, ngoja kwanza, alisema Khalaf, na maneno yakawa yanagongana. Sina haja ya kumtoa tena. Nimeshatia moto. Sakafu nzima! Hebu ingia uguse.

Nadhir akavua viatu, akaingia, akatoka ameduwaa.

— Mashaallah. Kazi kweli hii. Na mama anaionaje? Keshaikanyaga?

Daktari akatazama ndani ya kikombe chake. Redio akaanza kutafuta viatu vyake.

Kutoka juu kikaja kikohozi, halafu sauti.

— Khalaf! Gari hilo limefika? Njoo unishushe, mwanangu.

Alipanda, akambeba mgongoni pamoja na furushi lake la nguo. Miguu ya mama ilikuwa ndani ya viganja vyake, na hata kwa soksi mbili aliusikia ubaridi wake. Aliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake. Chini, mlango wa majlisi ulikuwa wazi, hamna mtu.

— Hapa ndipo ulipotia moto?

— Hapa, mama.

— Niteremshe kidogo.

Akavua soksi, akakanyaga. Akasimama hapo, mkono begani kwa mwanawe, macho ameyafumba, mpaka kidogo rangi ikamrudi usoni.

— Alhamdulillahi. Kumbe pazuri, alisema. Haya, nivalishe soksi. Nadhir asije akachelewa.