Bibi Subiri Anaiacha Meza ya Tyubu

Baada ya miaka thelathini na moja katika benki ya damu ya hospitali yetu, Bibi Subiri anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu. Ningependa kuandika kwamba umri wake umetimia. Haujatimia. Alikuwa bado na miaka minne, na sisi tulishaihesabu kuwa yetu.

Alikuja na cheti kipya na viatu vilivyombana, akapewa meza ya pembeni karibu na friji inayonguruma. Hata alipokuwa mkuu wa kitengo hakuihama. Jina alipewa na wodi, kwa sababu yeyote aliyepiga simu kuulizia damu alijibiwa asubiri kidogo. Daktari mmoja wa upasuaji alipofoka, aliambiwa kwa upole kwamba damu haiagizwi kama soda.

Kwa wenzetu wa idara nyingine, niseme hivi: kundi la damu kulingana hakutoshi. Mtu aliyewahi kuongezewa damu, au mama aliyewahi kubeba mimba, anaweza kuwa na kingamwili ambazo hakuna aliyezitarajia, na hizo zinaweza kuziharibu chembe za damu anayopewa. Kwa hiyo tunachanganya majimaji ya damu yake na chembe za kupimia, tunazungusha kwenye mashine, kisha tunaitikisa tyubu taratibu kuona kama chembe zimeshikana. Ukitikisa kwa nguvu, vibonge dhaifu vinasambaratika, nawe unaandika kwamba damu ni safi kumbe si safi. Wanafunzi karibu wote hukosea hapo. Bibi Subiri aliwashika kifundo cha mkono na kuwaambia waitikise kama wanamwamsha mtoto ambaye hawataki alie.

Wakongwe wanamkumbuka mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Kundi lililingana, mfuko ulikuwa tayari, mumewe amesimama dirishani akitutukana sote mpaka wazazi wetu. Bibi Subiri aliona vibonge kwenye tyubu, akauzuia mfuko ule, akatafuta mwingine uliomfaa, na mama akapona. Yule bwana sasa ni mchangiaji damu wetu wa kudumu. Akifika humwita Bibi Subiri shemeji, naye humwambia akae kwenye foleni kama wengine.

Mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Alificha kwa kushika kalamu, nasi tulijifanya hatuoni. Kisha ikaja sampuli ya kijana aliyesubiri upasuaji na aliyewahi kuongezewa damu. Bibi Subiri aliisoma, akaona safi, lakini moyo wake haukutulia. Akaniomba nirudie. Mimi niliona vibonge, vidogo lakini vipo. Kijana alipata damu iliyomfaa na hakudhurika. Bibi Subiri alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaenda mwenyewe kwa mkuu wa maabara na kueleza kwamba mkono wake ndio uliovivunja vile vibonge.

Tulimsihi. Tulimtafutia kazi ya mapokezi ya sampuli, akasema hawezi kukaa mlangoni akiitazama meza yake kila siku. Daktari amemwambia kutetemeka huko hakutaisha. Ipo mashine inayosoma yenyewe, isiyohitaji mkono wa mtu. Tumeahidiwa kila mwaka wa bajeti, na kila mwaka tumeambiwa tuvumilie. Ingekuwa imefika, tungekuwa naye leo. Nasema wazi kwamba hilo linaniuma, na najua siko peke yangu.

Sasa nimeachiwa mimi meza ile. Nikiinua tyubu yenye mashaka, bado nageuka upande wake kabla ya kuandika, na kuanzia Jumatatu hatakuwepo wa kumgeukia.

Bibi yetu, asante kwa watu wote waliorudi majumbani mwao bila kujua kwamba wewe ndiye uliyekataa wapewe mfuko wa kwanza. Hukusubiri mgonjwa aumie ndipo useme, ingawa kusema kumekugharimu kazi uliyoipenda. Nenda ukapumzike na wajukuu. Tunakuombea siku njema nyingi, na nyumba ambamo mkono ukitetemeka, kinachomwagika ni chai tu.