Mzee Stempu na Hoja ya Yoti

Mbele ya duka la fundi cherehani pana benchi refu, mguu mmoja umetegemezwa kwa tofali, na benchi hilo lina sheria kali kuliko ya mahakama: anayeleta hoja ndiye anayenunua birika la kahawa, na birika likishanunuliwa hakuna kuinuka mpaka litoke tone la mwisho. Hakuna aliyeipenda sheria hiyo kama Mzee Stempu. Jina hilo alilipata kwa sababu miaka thelathini na mmoja alikuwa akigonga mihuri ofisi ya masjala, mpaka akastaafu. Mkewe alikwisha tangulia mbele ya haki, binti yake wa mwisho kaolewa mbali, na katika nyumba ya vyumba vinne amebaki yeye na redio. Upweke ni kitu kibaya, jamani, usikie tu kwa mwenzio. Basi Stempu akawa mtu wa hoja, ili watu wakae naye jioni iingie. Mwezi ule alishaleta hoja ya kuezeka paa upya, ya kuchimba kisima na ya ng'ombe wa maziwa, na zote wenzake walizimaliza birika halijafika nusu, wakabaki kupiga miayo. Ndipo asubuhi moja, akingojea dawa yake ya presha zahanati, akaokota gazeti la picha na kuona yoti, ile boti ya kifahari yenye vitanda na jiko ndani. Akasema moyoni, hii haiishi leo.

— Nataka kununua yoti, alisema alipoketi, akamwashiria mama wa kahawa alete birika kubwa. Niangalie nini?

Walikuwapo watatu: Pindo, fundi cherehani mwenye duka, Saruji, mwashi, na Grisi, fundi wa mashine za kusaga. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga boti. Hilo halikuwazuia.

— Kwanza msingi, alisema Saruji. Chombo hakina msingi, ndiyo maana kinayumba. Wewe ukishanunua, niite. Namwaga zege sakafuni, inchi nne, na nondo zake. Wimbi likija linakukuta umetulia.

— Si kitazama? aliuliza Pindo.

— Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta naujenga kabisa kabla ya ufa. Hapo ufa utapitia wapi?

Grisi alicheka mpaka akamwaga kahawa.

— Huyu mwacheni na matofali yake. Mzee Stempu, wewe uliza usukani. Chombo cha kuzama hakina usukani, si ndivyo wanavyosema? Sasa kama usukani upo, kitazamaje? Ukiuona usukani, toa hela, funga mjadala.

— Usifunge, alisema Stempu haraka. Injini je?

— Ah, injini. Zile zao ni za kuchezea. Ing'oe, nikufungie ya kinu. Ile hata ukiitia mafuta ya kupikia inanguruma. Tena mkiwa katikati ya maji, mnasaga.

— Mnasaga nini huko?

— Watu wa huko hawali?

Stempu alicheka. Mama wa kahawa alipopita na birika, alifunika kikombe chake kwa kiganja, kama alivyofanya mara mbili zilizotangulia. Kahawa yake ilikuwa imepoa zamani. Kadiri asivyokunywa ndivyo birika lilivyokawia, na jua lilikuwa limekwisha vuka paa la duka.

— Mnasahau tanga, alisema Pindo, akiuma uzi. Tanga ni pazia tu, tena pazia lisilo na dirisha. Usikubali jeupe, linaonyesha uchafu. Chukua rangi ya kahawia, nilitie bitana, nilipige pindo mara mbili, na mifuko.

— Mifuko ya nini kwenye tanga?

— Ya upepo. Siku upepo haupo, unautoa wa jana.

Hapo hata Saruji alitikisa kichwa kwa heshima. Kisha akaona hawezi kushindwa na mtu wa nyuzi.

— Juu tunaongeza ghorofa. Vyumba viwili, unaweka wapangaji. Mpangaji wa majini hahami kimyakimya. Atahamia wapi?

— Na akichafua maji? aliuliza Grisi.

— Anakuwa amechafua yake mwenyewe ya kuoga.

Stempu aliwatazama wakibishana, mikono hewani, akajisikia vizuri. Nyumbani saa kama hizi huwa anawasha redio na kuijibu. Juzi alijikuta anaiaga kabla ya kuingia kuoga. Leo watu wazima watatu walikuwa wanagombania boti yake, na hakuna aliyetazama saa.

Mtu mmoja wa makamo akaja kuchukua suruali aliyoileta kufupishwa. Aliwaamkia wazee, wakamwitikia marahaba. Pindo alimwambia bado mguu mmoja, akae, kahawa ipo. Mgeni akakaa pembeni, akasikiliza habari ya zege na ya mifuko ya upepo, akajizuia kucheka.

— Samahani, wazee, alisema. Miaka kumi na mmoja nilikuwa napiga vanishi boti hizo hizo.

Benchi zima likamgeukia.

— Basi tueleze, alisema Stempu. Mtu aangalie nini?

— Injini, uulize imetembea saa ngapi, usiulize miaka. Boti uitoe majini, uigonge chini kwa nyundo ndogo, huku unasikiliza. Ikilia kavu, nzima. Ikilia butu, maji yameshaingia ndani ya ganda. Na ujue pa kuifunga. Lakini bosi wetu alikuwa na swali lake kwa kila mnunuzi, kabla hajamwonyesha hata kamba.

— Swali gani?

— Kabla ya kutoka unaandika karatasi: unaelekea wapi, utarudi saa ngapi. Unamwachia mtu wa nchi kavu. Saa ikipita hujarudi, huyo ndiye anayewaamsha watu wakutafute. Bila mtu huyo, hakuna anayejua kwamba umepotea. Mzee wangu, wewe utamwachia nani?

— Amwachie redio, alisema Grisi.

Hakuna aliyecheka, na Grisi mwenyewe akainamia kikombe chake. Stempu alimfikiria binti yake. Hupiga simu mwisho wa mwezi, mtandao ukiwa mzuri, na huwa na haraka. Siku ishirini na tisa zingepita kabla hajauliza.

— Ataniachia mimi, alisema Pindo. Duka langu liko wazi kila siku.

Stempu alichukua kahawa yake ya baridi akainywa yote.

— Vizuri, alisema mgeni, kama mwalimu anayetaka kufunga somo lake sawasawa. Tuseme jua limezama, hajarudi. Umepiga simu kwa waokoaji. Wanakuuliza, huyo aliyepotea anaitwa nani?

— Mzee Stempu.

— Hilo la kijiweni. Jina lake.

Pindo alifungua kinywa. Yeye ndiye aliyemshonea Stempu koti alilovaa siku ya kumzika mkewe, na kwenye daftari lake aliandika: Stempu, koti, jeusi. Alimtazama Saruji. Saruji alimtazama Grisi. Miaka tisa walikuwa wamekaa naye benchi moja, bega kwa bega.

— Si anaitwa… alianza Saruji, akaishia hapo.

Stempu angeweza kuwasaidia. Jina analo, la babu yake mzaa baba, na mkewe alikuwa akilitamka lote kila alipomkasirikia. Hakulisema. Aliweka kikombe chini akawatazama mmoja baada ya mwingine, akingoja angalau mmoja wao ajaribu, hata kama atakosea.