Wanachama Elfu Tatu na Cherehani Moja

— Usinihesabu mara tatu, Katibu. Mimi ni mtu mmoja.

— Hapa benchini uko mmoja. Jukwaani mko watatu, na wote nimewapokea kwa heshima.

Kinyozi alikuwa amesahau neno la siri mara mbili, na kila alipolisahau alijiandikisha upya kwa jina jingine. Sasa alitaka wale wawili wafutwe. Katibu hakutaka kusikia, maana simu yake ilionyesha wanachama elfu tatu na mmoja, na kuwafuta ni kurudi chini ya elfu tatu.

Benchi lao liko chini ya dirisha la chumba anachoshonea mama. Katibu ni karani mstaafu, ndiye aliyeanzisha hilo jukwaa la mtandaoni la mafundi cherehani. Fundi Redio ana meza yake ubavuni pa mlango wetu, na Kinyozi ananyolea ng'ambo ya barabara. Wateja humwita kwa mluzi. Mimi huwapikia kahawa tangu nilipoacha shule ili nimsaidie mama. Siku hiyo niliwamiminia nimenuna. Cherehani ya mama ilikuwa na siku tisa inaruka mishono. Mapazia arobaini ya zahanati yalikuwa yamekunjwa juu ya kitanda chetu, yanatakiwa Ijumaa, na mwenye kazi alishasema akikuta hayajashonwa atabeba kitambaa chake na hatatupa kazi tena. Nayo ilikuwa Jumatano.

Swali langu nililiandika jukwaani siku ileile cherehani ilipoharibika. Likapata majibu mia mbili na kumi na manne. Niliyasoma yote. Yote yalisema karibu.

Ndiyo sheria ya Katibu: mgeni akiingia, kila mwanachama amkaribishe, naye amshukuru kila mmoja kwa jina, na mpaka amalize swali lake halijibiwi. Nilikuwa nimefika wa tisini. Kila nikishukuru kumi, wanaingia ishirini wapya, nao wananikaribisha.

— Babu, nikamwambia Katibu, nisamehe hiyo sheria. Mtu mmoja tu aniambie kwa nini inaruka mishono.

— Mjukuu wangu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukikatiza shukrani, sisi tutaponaje?

— Anayeumwa ni cherehani, babu.

Alinyoosha kikombe nimwongezee, akaeleza kwamba jukwaa linakua kwa sababu ya adabu hiyo hiyo. Jana peke yake watu wameandika mara elfu sita. Fundi Redio alicheka puani. Kwake adabu haihusiki kabisa. Ni ule mnara mpya wa simu. Mawimbi yake yana nguvu mno, alisema, hata simu zilizolala mfukoni zinajiandikisha zenyewe, na ndiyo maana wanachama wengi hawana la kusema ila karibu.

— Nyie mmelala, akasema Kinyozi. Kuna nchi kubwa inatusoma. Wanataka kujua tunavyokata kola.

— Watusome salamu? akauliza Fundi Redio.

— Wanasubiri. Mvumilivu hula mbivu.

— Basi na mimi nimevumilia siku tisa, nikasema, nimekula nini?

Fundi Redio akanishauri nisichoke, kuuliza si ujinga. Kinyozi akaongeza kwamba kama kuuliza si ujinga, basi mjinga ni yule anayejibu, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Nikaliweka birika chini.

Hapo akafika mama mmoja, kichwani amebeba kitu kizito alichokifunga kwa shuka. Alisema shikamoo kwa Katibu, akatua mzigo wake benchini katikati ya vikombe, akaufungua. Ilikuwa cherehani, bila meza yake. Alieleza kwamba yeye pia ni mwanachama, amebakiza shukrani sitini, ila kwenye ukurasa wa mwanzo ameona pameandikwa kuwa makao makuu ya jukwaa ni benchi hili. Ametembea toka asubuhi.

— Samahanini, akasema. Fundi wa kutengeneza cherehani ni yupi?

Katibu akamtazama Fundi Redio. Fundi Redio akamtazama Kinyozi. Kinyozi akatoa kitana mfukoni akaanza kukisafisha meno.

— Hapa hayupo, akasema Katibu mwishowe.

— Na katika wale elfu tatu, fundi ni nani?

Katibu aliivuta simu karibu na macho. Alipandisha, akateremsha, akapandisha tena. Akasema kwa sauti ndogo kwamba lazima wawepo, ila bado hajapata nafasi ya kuwauliza, kwa kuwa wote wangali wanashukuriana. Kinyozi alipigiwa mluzi, akaondoka bila kuaga. Yule mama alianza kuifunga shuka yake upya, polepole, kama mtu anayepima njia ya kurudi.

Mlango wetu ukafunguka. Mama alikuwa anatusikiliza dirishani muda wote.

— Mdogo wangu, ya kwako imefia wapi?

— Gurudumu, dada. Ilianguka, likapasuka. Huku chini ni nzima kabisa.

— Yangu juu ni nzima, imekufa chini. Ingia nayo, tutoe moja kwenye mbili, tushone kwa zamu. Na wewe mwanangu, acha kushukuru watu, lete bisibisi.