Kufuli Jipya la Mzee Mizani

Jioni ukungu huteremka mlima Uluguru taratibu, na kijiwe chetu huwa kama kinaelea. Mimi huketi hapo na birika langu la kahawa. Nyuma ya benchi kuna chumba cha Mzee Salehe, tunayemwita Mizani kwa kuwa anauza mchele. Humo Mwalimu Rahel hukusanya watoto wakitoka shule. Kwanza wanaruka kamba wakihesabu, kisha wanasogea kwenye kompyuta tatu kuukuu. Binti yangu Paskalia ni mmoja wao. Leo Mizani alikuja na kufuli jipya, akaliweka benchini.

— Jumatatu naingiza magunia yangu, alisema. Miezi sita nasikia vicheko tu. Masomo gani hayo?

— Kompyuta inanyonya, mzee wangu, alidakia Fundi Redio. Mtoto akiikodolea sana, akili inahamia kule. Nimefungua mashine nyingi, najua.

— Na yako uliiacha kwenye ipi? aliuliza Mansuri wa bodaboda, pikipiki yake ikinguruma kando.

— Cheka tu!

— Mi naogopa kingine, aliendelea Mansuri. Hawa wakijua sana, watauhamisha huu mlima. Unaamka asubuhi, Uluguru uko Dumila!

— Na maji tutachota wapi? aliuliza Fundi.

— Utaufuata hukohuko na ndoo yako.

Walicheka. Mimi nilimjazia Mizani kikombe. Paskalia ana kigugumizi. Shuleni hanyooshi kidole. Humo ndani ametengeneza kuku anayesimulia hadithi kwenye kompyuta, kwa sauti ya Paskalia mwenyewe, anayoirekodi humo. Neno likikwama anarudia, na wenzake wanamsubiri.

Mlango ukafunguka. Akatoka Paskalia, ambaye kwa kawaida hupita kijiweni akikimbia, akasimama mbele ya Mizani.

— Shikamoo, babu.

— Marahaba, mjukuu wangu.

— Ju-Jumatatu...

Akakwama. Nilitaka kummalizia, Fundi Redio akanigusa bega, nisubiri. Mansuri akazima pikipiki. Tukasikia honi ya basi kutoka stendi ya Msamvu.

— Jumatatu kuku wangu ata... ataongelea wapi?

Mizani akainua kikombe, akanywa polepole. Kahawa ilikuwa imeshakwisha, sote tuliona, na hakuna aliyecheka. Mkono wake mwingine ulikuwa unalisukuma lile kufuli chini ya paja, kama mtoto anayeficha alichovunja.