Lleucu Prosser na Tarehe ya Wosia wa Ieuan

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Lleucu Prosser wa shamba la Cwm-bedw, msomaji wa wosia wa zamani. Tulimzika Jumanne. Mtu wa kwanza kushika jeneza lake alikuwa Tegryn wa Pantglas, shamba jirani. Kwetu hapa hilo si jambo dogo.

Novemba 1720, Siencyn wa Pantglas alipasuliwa kichwa kwa sepetu kando ya kijito. Pantglas walimtaja Ieuan, babu wa kale wa kina Lleucu. Cwm-bedw walikana. Ieuan aliandika wosia akikata roho, Februari 1720. Aliyekufa Februari ataua vipi Novemba? Wakasema Siencyn aliuawa na ndugu zake.

Kwa neno hilo damu ilimwagika miaka mia tatu. Ghala lilichomwa, farasi wakiwa ndani. Kisha, kwenye mnada wa kondoo, Gethin, kaka yake Lleucu, akamwambia Tegryn: "Habari, muua ndugu. Mama yako bado anakuficha visu?" Tegryn akarusha ngumi. Gethin akamtoboa jicho kwa ncha ya fimbo.

Jicho hilo ndilo lililompeleka Lleucu kwenye wosia wenyewe. Kwao walikuwa wamesoma tarehe tu; mwandiko uliobaki uliwashinda. Yeye aliusoma miezi mitano, herufi moja moja. Kwanza akaona kosa lao. Enzi hizo huku kwetu mwaka ulianza mwishoni mwa Machi na kuisha Machi iliyofuata. Kwa hiyo Februari 1720 ilikuja baada ya Novemba 1720. Nasema tena: baada, si kabla. Kisha akafika hapa: "Mungu anisamehe kwa ajili ya Siencyn. Nilimpiga, akaniomba maji, nikampiga tena."

Alimsomea kaka yake mezani.

"Ichane," Gethin akasema.

"Hii ni nakala tu, Geth. Wosia wenyewe uko maktaba."

Gethin akaukamata mkono wa Lleucu wa kuandikia, akaubana kwa mlango. Vidole vitatu vikavunjika.

Lleucu akaenda Pantglas kwa miguu. Tegryn aliniambia: "Nilimfungulia na bunduki mkononi. Akasema, 'Keti, jirani, nikusomee.' Alisoma mara mbili. Mara ya kwanza sikusikia kitu, nilikuwa naangalia damu inavyodondokea karatasi."

Tangu siku hiyo Lleucu aliandika kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyepigwa tena.

Tunawapa pole wote wa Cwm-bedw. Nanyi wasikilizaji, kama kuna karatasi mnayoitumia kumhukumu jirani, isomeni hadi mstari wa mwisho.

Siku ya mazishi, Gethin alibaki ndani ya gari nje ya kanisa. Tegryn alimwendea, akagonga kioo. "Shuka," akasema. "Upande wa kushoto wa jeneza hauna mtu."

Gethin akashuka.