Shangazi na Lango la Bwawa la Mwisho

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusafisha maji ambayo sisi wengine tukishayavuta chooni tunayasahau, Shangazi anastaafu. Hapa kituoni hana ndugu wa damu hata mmoja, lakini hata meneja, mwenye mvi kumzidi, humwita hivyo.

Alianza kwenye chujio la kuingilia, pale panaponasa matambara, kandambili na, siku moja, meno ya bandia. Aliyaosha, akayachemsha, akabandika tangazo getini. Hakujitokeza mtu, ila karani wetu wa masjala aliacha kucheka wiki nzima. Baadaye alisomea kazi, akapanda hadi kuwa msimamizi wa mabwawa yote manne.

Kosa lake kubwa analisimulia mwenyewe, nami naliandika kwa ruhusa yake. Mwaka wake wa tisa, mvua zilipozidi, alifungua lango la bwawa la mwisho kupunguza kina, akaitwa ofisini, akasahau kulifunga. Asubuhi nzima maji ambayo hayajasafishika yaliingia mtoni, na huko chini watu huteka, hufua na kuogesha watoto. Ofisi ilitaka kusubiri majibu ya maabara. Shangazi hakusubiri. Alivaa buti, akapita nyumba kwa nyumba kilomita nne, akiwaambia watu wasiguse maji ya mto kwa siku tatu, na kwamba aliyesahau ni yeye, si mvua. Hakuna aliyeugua. Barua ya onyo aliyopewa ameitunza droo moja na cheti cha mfanyakazi bora.

Dobi wa ng'ambo ya daraja alikuwa ameshaloweka mashuka ya nyumba ya wageni. Alimwaga beseni zima kwenye buti za Shangazi, akamwambia maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Shangazi alikunja mikono ya koti, wakayafua upya pamoja kwa maji ya bomba la kituo. Tangu hapo, kila Jumatatu, huchota chupa mbili za maji yanayotoka: moja ya maabara, moja ya dobi. Dobi huiinua dirishani, huinusa, hutoa hukumu. Maabara hujibu baada ya siku tatu na kwa muhuri. Dobi hujibu papo hapo. Kwa miaka ishirini na miwili ameyakataa mara mbili tu, na mara zote mbili maabara ilimuunga mkono.

Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia, na Shangazi aliamua kwamba hata sisi hatutarudia. Kila jioni huuliza kama lango limefungwa. Akiwa likizo hupiga simu. Siku ya harusi ya bintiye alinipigia akiwa mlangoni mwa ukumbi.

Dobi aliposikia habari za kustaafu, aliuliza ni nani sasa atakayewaambia ukweli siku maji yakiharibika. Swali hilo lilininyima raha, maana jibu ni mimi, msaidizi wake wa miaka sita. Jumatatu iliyopita Shangazi alinibebesha chupa. Dobi aliitazama, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Maji ameyapokea. Mimi amenipa miezi mitatu ya majaribio.

Shangazi, asante kwa kutufundisha kubisha hodi kabla ya kutafuta visingizio. Tutakukumbuka sana, na sioni haya kulisema. Tunakutakia maisha mema, miguu mikavu na wajukuu wasumbufu. Na kabla hujauliza: lango limefungwa. Nimelifunga mwenyewe, nikarudi kulitazama tena.